Mlango Usiopinda

Katika msimu wa kwanza wa The Simpsons kuna sehemu ambayo mbwa wa nyumbani hayumo. Familia ilimpata Desemba 17, 1989, usiku ambao katuni hii ilirushwa kwa mara ya kwanza na televisheni ya Fox huko Marekani kama kipindi kamili cha nusu saa. Mei 13, 1990, katika sehemu ya kufunga msimu, mbwa hayupo wala hakuna anayemwulizia. Barney, yule mlevi wa baa ya Moe, ana nywele za njano, rangi ileile ya ngozi yake. Nilipoitazama sehemu hiyo miaka ile sikuona kitu. Safari hii nimeurudia msimu mzima kwa mpangilio, na mambo hayo mawili yamenikaa jichoni kama kibanzi.

Sehemu hiyo inaitwa "Some Enchanted Evening", na ingawa ilionyeshwa mwisho, ndiyo iliyotengenezwa kwanza. Ndiyo iliyopangwa kufungua kipindi, miezi kadhaa kabla ya Krismasi ya 1989. Naamini kile kilichoikwamisha ndicho kilichokipa kipindi kizima umbo lake, kwa hiyo nitakaa hapo kwanza.

Kazi yenyewe iligawanywa hivi. Waandishi walikuwa Los Angeles. Mswada ukishakamilika, waigizaji waliusoma mezani mbele ya waandishi, ukarekebishwa palipolegea, kisha sauti zikarekodiwa. Sauti ilitangulia, kalamu ikafuata. Wachoraji wa studio ya Klasky Csupo walichora mikao mikuu ya wahusika: Homer, baba wa familia, ameketi, Homer ameinuka, Homer ameshika kichwa. Michoro hiyo ilisafirishwa hadi Korea Kusini, kwenye studio ya AKOM, ambako mafundi walichora yote ya katikati, yaani zile hatua ndogondogo kati ya kuketi na kuinuka, wakapaka na rangi. Sekunde moja ya filamu ni fremu 24, na sehemu moja huchukua miezi mingi kukamilika. Kosa linaloonekana filamu ikirudi ni kosa la gharama kubwa.

Basi filamu ya kwanza ikarudi, na watayarishaji wakakuta milango inapinda. Mtu akiubamiza mlango, unayumba kama umetengenezwa kwa mpira. Katika katuni nyingi za Marekani hilo ni jambo la kawaida kabisa: sungura hupigwa nyundo akawa bapa kama chapati, kisha akajikung'uta na kuendelea na safari. Lakini James L. Brooks, mmoja wa watatu waliokiasisi kipindi hiki pamoja na Matt Groening na Sam Simon, alikuwa ametokea kwenye vichekesho vya waigizaji wa kweli kama The Mary Tyler Moore Show na Taxi. Walichokuwa wakikitaka ni nyumba ambayo ukijigonga ukutani unaumia, na kitu kisichowezekana duniani hakiwezekani humo.

Mchezo wa kuchekesha unahitaji kitu kigumu cha kujigonga. Hasira ya Homer inachekesha kwa sababu dunia haimsikilizi: deni halipungui, bosi halainiki, mlango haupindi. Mpe mlango wa mpira, na hasira yake inapoteza uzito papo hapo. Sehemu ya pili, "Bart the Genius", ilirudi na kasoro ndogo tu zinazorekebishika, na kwa bahati hiyo kipindi kilinusurika. Ile ya kwanza ilichorwa upya karibu asilimia 70, kipindi kikafunguliwa kwa sehemu ya Krismasi badala yake, na kazi ya ukarabati ikasimamiwa na mwongozaji David Silverman. Mbwa alizaliwa kwenye mswada wa baadaye lakini akaonyeshwa mapema. Ndiyo maana mwezi Mei hayupo.

Itazame sehemu hiyo ukiyajua haya. Mwili wa Homer umetulia mno. Kinachocheza ni sauti. Wachoraji walikuwa wakifuata kitu kilichokwisha kurekodiwa, pumzi kwa pumzi, na Dan Castellaneta, mwenye sauti ya Homer, aliwapa mengi ya kufuata. Ule mguno wake maarufu, "D'oh!", haukuandikwa na mwandishi yeyote. Mswadani paliandikwa tu kwamba Homer anaguna kwa kukerwa. Castellaneta akamkumbuka James Finlayson, mwigizaji wa filamu za Laurel na Hardy, aliyekuwa akiuvuta mguno wake kwa muda mrefu. Groening akamwomba aufupishe, maana muda wa katuni ni mfupi. Ukafupishwa, ukabaki kama kitu kimoja kilichogonga kingine. Mwaka 2001 uliingia katika kamusi ya Oxford.

Nancy Cartwright naye alikwenda kwenye usaili wa sauti ya Lisa, binti wa Homer. Alipofika akavutiwa zaidi na maelezo ya Bart, kaka yake Lisa, akaomba amjaribu huyo, akapewa kazi palepale. Nikikisikiliza kipindi nikiwa nimefumba macho, nasikia mchezo mzuri wa redio.

Dunia ngumu ina faida nyingine ambayo mtazamaji wa mara moja haipati: ukiweka kitu humo, kinakaa. Waandishi walijua kwamba watu wana deki za video nyumbani na wanaweza kuisimamisha picha, basi wakaanza kuficha mambo kwenye mabango, magazeti na mbao za darasani. Katika utangulizi wa miaka mingi, mtoto Maggie anapitishwa kwa keshia dukani na mashine inaandika dola 847.63, makadirio ya wakati ule ya gharama za kumlea mtoto mchanga kwa mwezi. Picha hiyo hupita upesi mno. Nywele za Homer juu ya sikio zimechorwa kama M, na sikio lenyewe mwanzoni lilichorwa kama G, herufi za jina la Groening.

Ninayoipenda kuliko zote imo katika "The Wizard of Evergreen Terrace" ya 1998. Homer amesimama mbele ya ubao uliojaa hesabu, na mstari mmoja unasema 3987 kwa kipeo cha 12, ukijumlisha na 4365 kwa kipeo cha 12, unapata 4472 kwa kipeo cha 12. Mwanahisabati Fermat alisema jumla ya namna hiyo haiwezekani kwa kipeo chochote kinachozidi 2, na miaka michache tu kabla ya hapo Andrew Wiles alikuwa amethibitisha hivyo. Nilisimamisha picha, nikachukua kikokotoo cha kawaida. Kikakubali: 4472 kamili.

Aliyeutega mtego huo ni David X. Cohen, mwandishi wa vichekesho aliyesomea fizikia na sayansi ya kompyuta, ambaye aliandika programu ya kutafuta namba zinazokaribia kumkanusha Fermat. Alikuwa amejaribu mwaka 1995, katika kisa ambacho Homer anaangukia dunia ya pande tatu, kwa namba 1782, 1841 na 1922. Zile za kwanza zinakamatika bila mashine: shufwa ukijumlisha na witiri huzaa witiri, na 1922 ni shufwa. Za 1998 zinapita kipimo hicho, kwa kuwa witiri mbili huzaa shufwa.

Ilinichukua jioni nzima na kalamu kuliona kosa la namba hizi. Jumlisha tarakimu za 3987, unapata 27. Za 4365, unapata 18. Zote mbili zinagawanyika kwa 3. Za 4472 ni 17, isiyogawanyika kwa 3.