Sanaa Iliyomo Katika Pigo: Tahakiki ya Makumbi na Mbugu

Mwaka 1962, Tanganyika ilipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, sauti iliyotangulia kusikika ilikuwa ya ngoma. Jambo hilo lilistahili, kwa kuwa ngoma zetu zilikuwa zimedharauliwa muda mrefu. Lakini tangu hapo tumezoea mno. Mwulize mwanafunzi wa sekondari utamaduni ni nini, naye aghalabu atakutajia ngoma, mavazi na vyakula. Sauti nyingine iliyosikika vijijini mwetu kwa karne nyingi, sauti ya gongo likipiga nyuzi za mmea, hakuna anayeitaja. Katika kurasa hizi tumekusudia kuihakiki sauti hiyo kama tunavyohakiki shairi. Tutauliza: je, ina kanuni? Ina kipimo cha uzuri? Ina la kutufunza?

Tuanze na lugha, maana lugha hutunza kumbukumbu ambazo sisi wenyewe tumezisahau. Tazama kitenzi kufua. Mhunzi hufua chuma, sonara hufua dhahabu, mama hufua nguo, na mkulima wa pwani hufua nazi kwa kifuo. Kazi nne zenye sura mbalimbali zimewekwa chini ya neno moja, na katika kazi hizo kitu hutiwa nguvu za mkono hadi kiache uchafu, kiache ganda, au kipate umbo. Wahenga waliounda matumizi hayo hawakuliona pigo kuwa ni ukatili. Waliliona kuwa ni njia ya kukitoa kitu katika hali duni na kukifikisha katika hali bora.

Tazama tena neno kitani. Limetoka katika Kiarabu, na maana yake ni mmea ule unaotoa uzi wa nguo nyeupe, nguo ambazo Wamisri wa kale walizitumia kuwazungushia maiti wao. Mmea huo si wa kwetu. Hata hivyo neno lenyewe tulilipokea, na ndugu yake, yaani katani, tukalivika zao jingine kabisa, mkonge, lililoletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Inasimuliwa katika historia ya zao hilo kwamba kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa kutoka Florida, ni 62 tu iliyofika hai. Kutokana na miche hiyo michache yakatokea mashamba ambayo, katika miaka ya 1960, yalitoa zaidi ya tani 200,000 za nyuzi kwa mwaka. Hivyo jina la kale la uzi wa Misri likawa jina la jasho la Tanga na Morogoro.

Kitani chenyewe hutengenezwaje? Huko Ireland, Ubelgiji na Misri, mmea hung'olewa pamoja na mizizi yake, kisha hulowekwa majini au hulazwa kwenye umande mpaka utomvu unaozishika nyuzi uoze. Mabua yakikauka huvunjwavunjwa, hupigwa kwa ubao mwembamba ili vipande vya bua vidondoke, na mwisho nyuzi huchanwa kwa vitana vya meno ya chuma. Kuozesha, kupiga, kuchana: hizo ndizo hatua tatu. Mwanafunzi azishike vema, kwa sababu sasa tunarudi nyumbani.

Katika vijiji vya mashariki ya Unguja, kama vile Paje na Jambiani, wanawake wamefanya hatua hizo bila kufundishwa na mtu wa Ireland. Makumbi ya nazi hufukiwa katika mashimo ufukweni, mahali ambapo maji hujaa na kupwa, na juu yake huwekwa mawe ili yasichukuliwe na bahari. Huko hukaa miezi kadhaa. Yakifukuliwa huwa meusi na yenye harufu kali. Ndipo hupigwa kwa gongo, moja baada ya jingine, mpaka vumbi la kumbi litoke na nyuzi zibaki peke yake. Nyuzi hizo huoshwa, huanikwa, na husokotwa kwa viganja kuwa kamba.

Sisi tuliozoea kuhesabu mizani ya shairi, tukiketi karibu na wapigaji wawili, tunatambua jambo upesi. Magongo yao hupokezana. Hili likishuka, lile hupanda. Atakayepiga kwa pupa atakata nyuzi, na atakayepiga kwa ulegevu ataacha vumbi ndani. Basi hapa pana kanuni, na mwenye kuivunja huonekana mara moja, kama aonekanavyo mtunzi aliyezidisha mizani katika mshororo. Tena pana tofauti baina ya fundi na mwanafunzi, ambayo ni alama ya sanaa yoyote ile.

Matunda ya kanuni hiyo hayakuwa madogo. Mtepe, chombo cha kale cha pwani yetu, haukupigiliwa misumari. Mbao zake zilishonwa kwa kamba ya makumbi, ambayo huvumilia maji ya chumvi. Wasomi wengi huusifu mtepe, na wachoraji wameuchora. Lakini ni nani amewahi kumsifu aliyepiga makumbi yaliyoushona? Sifa zimeishia kwa nahodha na kwa fundi wa mbao. Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu, nasi tunaongeza kwamba ubovu huo huanza shimoni na kwenye gongo, kabla nahodha hajaiona bahari.

Sasa tuvuke nchi hadi magharibi ya Ziwa Viktoria. Huko Wahaya, na jirani zao Waganda wa Uganda, walivaa mbugu, yaani nguo ya gome la mti wa jamii ya mkuyu ambao Waganda huuita mutuba. Gome hubanduliwa wakati wa mvua, kisha shina lililo uchi hufunikwa kwa majani ya mgomba ili mti usife, nao huotesha gome jingine. Gome lile hupelekwa bandani, mbali na jua, na huko wanaume hulipiga kwa nyundo za mbao zenye mifuo. Nyundo ya kwanza ina mifuo mipana, ya pili myembamba, ya mwisho myembamba zaidi. Kila nyundo inavyobadilishwa, gome hutanuka na kulainika, mpaka kipande chembamba kiwe nguo ya kujifunika mwili mzima. Likianikwa juani hupata rangi ya udongo mwekundu. Ufundi huu wa Uganda ulitangazwa na UNESCO mwaka 2005, ukaingizwa mwaka 2008 katika orodha yake ya urithi wa binadamu usioshikika.

Tukilinganisha kazi hizi mbili tunapata fundisho ambalo halimo katika vitabu vya shule. Pigo la pwani hutenganisha. Hutoa uzi katika kumbi, na uzi huo husubiri kiganja kiusokote upya. Pigo la ziwani hutanua. Nyuzi hazitengani kamwe, bali hulala pamoja, na nguo huzaliwa bila kufumwa. Pwani uvumilivu umo katika kungoja shimo. Ziwani uvumilivu umo katika kuutunza mti, kwa maana asiyeufunika mti wake leo hatakuwa na nguo kesho. Mkono ni ule ule, lakini fikra ni mbili, na zote mbili ni za kwetu.

Hatuna budi hapa kukiri kosa letu. Miaka mingi iliyopita, tukiwa watumishi katika ofisi moja ya serikali, tulipewa kazi ya kuandaa maonyesho ya kazi za mikono. Tulichagua kamba moja nene ya makumbi, tukaitundika mahali pa heshima, na chini yake tukabandika karatasi iliyosema: "Kamba. Pwani." Akaja bibi mmoja mwenye kanga zilizopauka. Aliishika kamba ile, akaifungua msokoto kidogo kwa kucha, akanusa. Kisha akatuuliza kwa upole, "Bwana, hii mmeisifu kwa lipi?" Tukamjibu kwamba ni kamba nzuri, nene. Akasema, "Makumbi haya yalifukuliwa kabla ya wakati wake. Vumbi limo. Aliyepiga alikuwa na haraka, labda ana watoto wenye njaa."

Siku ile tulifahamu kwamba mhakiki wa kweli katika ukumbi ule hakuwa mmoja wetu. Bibi yule alisoma kamba kama sisi tusomavyo utenzi. Aliona kosa, akaona sababu ya kosa, na akamhurumia mtunzi. Sisi tulikuwa tumesifu unene. Tena tuliandika jina la mahali, tukaacha jina la mtu. Ushairi tunautaja kwa jina la mtunzi. Kamba tuliitaja kwa jina la pwani nzima, kana kwamba imeota kwenye mchanga.

Wapo watakaotusoma na kudhani tunataka wanawake warudi mashimoni. La hasha! Kazi ile inachosha mgongo, harufu yake haitoki upesi mwilini, na malipo yake yamekuwa haba siku zote. Kilimo cha mwani cha kuuza nje kilipoanza Unguja mwaka 1989, wanawake wengi wa vijiji vile vile walikwenda kwenye mwani. Walijua hesabu yao vizuri kuliko wasemaji wa utamaduni. Hali kadhalika mbugu ilipungua tangu karne ya 19 vitambaa vya amerikani vilipoingia bara, na katani yetu ikaporomoka bei baada ya kamba za plastiki kuenea duniani. Anayesifu kazi ya mkono bila kuuliza mkono huo unalipwa nini, huyo anasifu umaskini wa mwenziwe.

Lakini upo upotovu wa pili, nao ni kasumba ya kudhani kwamba kazi ikishakuwa nzito na chafu haiwezi kuwa na akili ndani yake. Hata mashine ya kusindika mkonge, iitwayo korona, haikuliacha pigo: magurudumu yake yenye visu butu huponda na kupara majani. Mashine imebeba fikra ya gongo. Mwenye kulidharau gongo amedharau babu wa mashine.

Hukumu yetu basi ni hii. Kupiga makumbi na kupiga mbugu ni sanaa kamili: zina kanuni, zina kipimo, zina wahakiki wake. Kilichopungua ni sisi tunaoandika. Kwa hiyo tunawasihi walimu wasiridhike na picha ya kamba kitabuni. Panapowezekana, mwanafunzi aende kwa mpigaji, aketi, asikilize mapigo, aandike maneno ya kazi kama yanavyotamkwa pale pale, na amwulize mpigaji swali ambalo sisi hatukuliuliza: ipi ni nzuri, ipi ni mbaya, na kwa nini? Akirudi darasani aandike jina la aliyemjibu, ikiwa mwenyewe ameridhia, juu ya ukurasa, mahali ambapo huwa tunaandika jina la mtunzi.