Sheria za Ushairi: Ukuta au Mlango?

Wahakiki wengi huziona sheria za vina na mizani kama ukuta wa kuwazuia wageni. Hebu tutazame ramani kwanza. Kaluta Amri Abedi, aliyeandika Sheria za Kutunga Mashairi (1954), alizaliwa Ujiji. Mathias Mnyampala, aliyeieneza ngonjera, alikuwa Mgogo. Wote ni watu wa njia ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo kupitia Ugogo na Tabora hadi Ujiji. Zamani msafara ulilipa hongo, yaani ushuru wa njia, ukapita. Sheria nazo ni hongo ya namna hiyo: zikishachapwa kitabuni, kijana wa Tabora asiye na babu malenga anaijua bei, anailipa, anaingia barazani. Na ngonjera haikamiliki bila mwenzio kujibu.

Kosa lilikuja baadaye. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi (1974) bila kulipa hongo hiyo, wanamapokeo wakasema ati hayo si mashairi. Wakasahau kwamba vinara wao hao wawili walitoka bara. Basi, sisi wa kurasa hizi tufundishane sheria, lakini tusimfukuze aliyekuja kwa njia nyingine.