Swichi Iliyokwisha Kuwashwa: Ridhaa ya Mtumiaji kutoka London hadi Juba

Chaguo-msingi, yaani mpangilio ambao programu huja nao kabla mtumiaji hajagusa chochote, hudhaniwa kuwa jambo dogo la mafundi, ilhali mara nyingi ndipo uamuzi wenyewe unapofanyika. Mwaka 2003 Eric Johnson na Daniel Goldstein walichapisha katika jarida la Science ulinganisho wa nchi za Ulaya kuhusu ridhaa ya kutoa viungo vya mwili baada ya kifo: Ujerumani, ambako mtu alitakiwa kujiandikisha, waliohesabiwa kuwa wameridhia walikuwa asilimia 12, na Austria, ambako kila mtu alihesabiwa hivyo mpaka akatae, walikuwa asilimia 99.98. Majirani hao wanaozungumza lugha moja hawawezi kuachana kiasi hicho kwa huruma, na kilichowatenga ni fomu.

Kanuni hiyohiyo ndiyo iliyotumiwa na LinkedIn, mtandao ambao watafutaji wa kazi na watumishi wa mashirika ya misaada mjini Juba huweka humo wasifu wao wa kitaaluma. Mnamo Septemba 2024 watumiaji waligundua katika mipangilio ya akaunti zao swichi iliyoruhusu taarifa na machapisho yao yatumike kufunzia akili mnemba zalishi, yaani mifumo inayojifunza kutokana na maandishi mengi hadi iweze kutunga yake yenyewe, na swichi hiyo ilikuwa imekwisha kuwashwa. Sera ya faragha ilirekebishwa tarehe 18 mwezi huo, baada ya swichi kuonekana. Aliyeizima alizuia matumizi ya baadaye tu, kwa kuwa mafunzo yaliyokwisha kufanyika hayakutenguliwa, na aliyetaka data zake zisitumike katika aina nyingine za kujifunza kwa mashine alitakiwa kutafuta fomu ya pingamizi iliyo mbali na swichi hiyo.

Lililo zito zaidi ni jiografia yake. Watumiaji wa Umoja wa Ulaya na Uswisi waliachwa nje tangu mwanzo, na Uingereza, ambako ofisi ya kamishna wa taarifa ilihoji mara moja, iliondolewa tarehe 20 Septemba, siku mbili baada ya sera kubadilishwa. Juba ilibaki ndani, na Nairobi vilevile, ingawa Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inayotaka ridhaa iwe ya wazi, huru, mahsusi na yenye kuonyeshwa kwa tendo dhahiri. Hapo panahitaji kutazamwa bila kujifariji: sheria iliyoandikwa vizuri haikutosha mahali ambapo hakuna aliyepiga hodi siku ileile. Hata Ulaya ilichopata ni muda na taarifa ya mapema, kwani tarehe 3 Novemba 2025 LinkedIn ilianza kutumia data za watu wa huko pia, ikitegemea hoja ya maslahi halali, yaani msingi wa kisheria unaoruhusu data kutumika bila ridhaa ilimradi mhusika aweze kupinga.

Slack, programu ya mawasiliano ya kazini, iliongeza tabaka jingine. Mei 2024 ilibainika kwamba data za wateja zilitumika kufunzia mifumo yake ya kupendekeza na kutafuta, na ingawa kampuni ilieleza kwamba haifunzii kwazo miundo mikubwa ya lugha, kujitoa kulihitaji msimamizi wa akaunti ya taasisi aandike barua pepe. Mtumishi wa Juba ambaye akaunti ya shirika lake inasimamiwa kutoka makao makuu ya ng'ambo hakuwa na kitufe chochote cha kubonyeza kwa niaba ya maneno yake mwenyewe.

Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua tarehe 1 Oktoba 2019, katika shauri la Planet49, kwamba kisanduku kilichokwisha kuwekewa alama si ridhaa. Wasomaji wa Kiswahili hawahitaji kwenda mbali kuielewa hoja hiyo, kwa maana hata katika nikahi, ambako kimya cha mwari husomwa kuwa kukubali, kimya hicho hufuata swali aliloulizwa. Mtumiaji wa LinkedIn hakuulizwa. Tarehe 5 Mei 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilionyesha kwamba ukanda huu unaweza kudai zaidi, ilipoamuru data za kibayometria zilizokusanywa na Worldcoin, iliyowapa watu sarafu za kidijitali ili wapigwe picha za mboni, zifutwe ndani ya siku saba.

Sudan Kusini ilikutwa na swichi ya LinkedIn ikiwa haina sheria mahsusi ya data binafsi, lakini haikuwa mikono mitupu: Ibara ya 22 ya Katiba ya Mpito ya mwaka 2011 inalinda faragha ya kila mtu, na Mamlaka ya Taifa ya Mawasiliano ipo. Bunge lililoko Juba liandike kwamba swichi ya namna hii ianze ikiwa imezimwa, kisha mtu aulizwe kwa lugha anayoielewa, na limpe mdhibiti uwezo wa kuhoji siku hiyohiyo. Kwa sasa anayetaka kujitoa atafungua mipangilio ya akaunti yake ya LinkedIn, sehemu ya faragha ya data, na kuizima mwenyewe. Yaliyokwisha kufunziwa hayatarudishwa.