Majaliwa na Maonyo

Huku kwetu pwani ya Mtwara, tangu Mikindani hata mlango wa Ruvuma, mtoto akiacha shule na kanisa, nasi tukamwonya, wazee hutujibu, "Mwalimu, mwache, ndivyo alivyojaliwa." Neno hili si geni katika Kanisa. Yapata mwaka 427 watawa wa Hadrumetum, mji wa pwani ya nchi iitwayo leo Tunisia, walipelekewa kitabu cha Augustino, Askofu wa Hippo, juu ya neema na hiari ya mtu. Akatokea aliyesema: ikiwa yote ni neema, basi mkubwa wetu asitukaripie, atuombee tu.

Augustino akajibu kwa kitabu cha pili, juu ya maonyo na neema. Asema kwamba hatujui ni nani aliyeteuliwa, kwa hiyo yatupasa kumwonya kila mtu kwa upendo. Na huenda maonyo yenyewe ndiyo njia ya Mungu ya kumrudisha.

Jibu hili twalisifu, maana lamwondolea mvivu kisingizio. Lakini lina upungufu. Asema pia kwamba wako wasiopewa kudumu katika imani hata mwisho, na sababu yake imefichwa kwa Mungu. Hapo mzazi aliyemzika mwana asiyetubu hapati faraja, wala sisi hatuna la kumwongezea.

Lakini mvuvi naye hajui kama leo atajaliwa samaki, na alfajiri husukuma mtumbwi. Ndugu wazazi, mtoto wetu yu hai bado. Twendeni tukamwite tena.