Nakshi Huanzia Kwenye Unene wa Mbao

Kochi la Kiingereza la miaka ya 1750, lile lenye migongo miwili ya viti iliyoungwa ubavu kwa ubavu, husifiwa kwa majani yaliyochongwa kwenye magoti ya miguu yake. Wanaosifu hawakosei. Ila uzuri ule uliamuliwa kabla ya bobari kugusa mti, fundi alipokubali kupoteza mbao nyingi.

Mbao hizo ni mahogani, nayo ilifika London kwa wingi baada ya sheria ya 1721 kuondoa ushuru wa mbao za makoloni ya Uingereza huko Amerika. Ilitoka Jamaika kwanza, na waliokata magogo hayo walikuwa Waafrika waliotiwa utumwani. Mti huu ni wa ukoo mmoja na mkangazi na mwarobaini wetu. Ni mgumu, nyuzi zake zimeshikana, na mbao zake ni pana; mchongaji aliweza kutoboa mgongo wa kiti mapambo membamba yasivunjike. Ndiyo maana michoro ya samani ya fundi Thomas Chippendale, aliyoichapisha mwaka 1754, iliwezekana kutengenezwa.

Tazama mguu wa mbele. Fundi alianza na kipande kinene cha mraba, akachora umbo la mguu kwa kiolezo kwenye pande mbili zinazopakana, kisha akakata kwa msumeno upande mmoja baada ya mwingine. Goti likabaki limetuna, kifundo kikawa chembamba, na sehemu kubwa ya mti uliozunguka umbo hilo ikaishia kuwa vipande vya kutupa. Pale gotini aliacha unene wa ziada kwa ajili ya jani. Vipande vidogo vya pembeni, vinavyounganisha goti na fremu ya kikalio, vilibandikwa kwa gundi kwanza, ndipo nakshi ikachongwa ikivuka kiungo. Kwa hiyo jani halikatiki penye gundi.

Hapo ndipo penye kipimo ninachokiamini kuliko rangi au harufu ya ukale. Pitisha kidole kutoka kwenye mguu mtupu hadi kwenye jani. Katika kazi ya asili kidole hupanda, kwa sababu jani limesimama juu ya umbo la mguu. Makochi mengi yaliyokuwa matupu yalichongwa nakshi katika karne ya 19 ili yapate bei. Humo kidole huzama, maana fundi wa pili hakuwa na unene wa kuchonga ila ule wa mguu wenyewe.

Kisha zunguka nyuma. Kingo za mapambo yaliyotobolewa zimekatwa mshazari, zikionekana nyembamba kwa mtu aliye mbele huku mti ukibaki na nguvu. Mnunuzi anayetaka kuliweka kochi la namna hii sebuleni kwake aombe lisogezwe mbali na ukuta kabla ya kutaja bei.