Hongera kwa Wanaopiga Gitaa kwa Vidole

Vijana wanaopiga solo kwenye bendi na kwaya za Singida, Manyoni na Kiomboi, wengi wao mapenzi yao ni gitaa la umeme. Nampongeza kwa moyo wote yeyote kati yao anayeweka piki chini, akachukua gitaa kavu na kulipiga kwa vidole vitupu.

Kwetu mwalimu mkubwa wa upigaji huo ni Mwenda Jean Bosco wa Katanga, Kongo. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi huko Jadotville, leo Likasi, na wimbo wake "Masanga" ukavuka mipaka. Usikilize kwa makini: kidole gumba kinatembeza besi bila kuchoka, huku cha shahada kikiimba juu yake. Ungeapa wapigaji ni wawili.

Gitaa la kiklasiki, lile la akina Francisco Tárrega wa Hispania, linadai hayo na zaidi. Gumba hushika nyuzi nene. Shahada, cha kati na cha pete hugawana nyembamba. Ukipiga karibu na daraja sauti inakuwa kali, ukisogea kwenye tundu inalainika. Mpiga solo aliyezoea kutafuta rangi ya sauti kwenye vitufe vya amplifaya anaikuta kumbe iko mkononi mwake. Tena hapa hakuna mngurumo wa kuficha uzi ulioguswa vibaya. Kila kosa linasikika. Ndiyo maana anayevumilia mazoezi haya, polepole, kipande kile kile wiki nzima, akirudi jukwaani solo yake inapumua. Hongera zake.