Listi ya maneno 3,500 yenye wote tunaacha kwa herufi D

Wenye wamejaribu kujitayarisha kwa GRE wanajua ile fotokopi. Inapita toka promosyo moja mpaka ingine: listi ya maneno 3,500 ya Kiingereza, toka A mpaka Z, kila neno na maana yake fupi pembeni. Ile niliachiwa na mukubwa wetu mumoja wa agronomia haikuwa hata na jalada. Kurasa za A zilikuwa nyeusi juu ya vidole vya watu. Za R na S zilikuwa nyeupe sawa vile zimetoka kwenye mashine leo. Ningepaswa kuelewa pale pale.

Sikuelewa. Nilikamata maneno 30 kwa kichwa kila siku, nikafika D, nikalipa dola 220 za mutihani. Ili zipatikane, mama aliuza magunia mawili ya maharagwe. Kwa sehemu ya lugha nilipata 144, na alama zinaanza 130 mpaka 170. Kosa la kwanza ni langu, sikatai. Lakini namna ile ya listi iko na makosa yake, na naona wadogo wetu wanaianza tena kila mwaka.

Kosa moja ni alfabeti yenyewe. Inaweka pamoja maneno yenye yanafanana kwa macho na hayana undugu wowote kwa maana: abate, abet, abhor, abjure. Kisha juma mbili kichwani inabakia tu “ab”. Hakuna mukulima mwenye anapanda mbegu kwa kufuata herufi ya jina lake.

Kosa lingine ni kwamba listi inajibu mutihani wenye haiko tena. Zamani GRE iliuliza kinyume cha neno moja, bila sentensi. Mwezi wa 8, 2011, maswali ya namna ile yaliondolewa. Leo unapewa sentensi yenye nafasi wazi, moja mpaka tatu, ao unapewa maneno sita na kuchagua mawili yenye yanaipa sentensi maana moja. Ukikosa nafasi moja kati ya tatu, swali lote limeanguka. Kwa hiyo haitoshi kujua neno maana yake nini. Inaomba ujue linaishi wapi, linasifu ao linakemea.

Lakini kosa lenye linatugusa sisi zaidi ni hili: listi haijui kama mwenye kuisoma alisoma kwa Kifaransa. Toka 1066, wakati Wanormani waliteka Uingereza, Kifaransa kiliingia kwa nguvu ndani ya Kiingereza cha wakubwa na cha vitabu. Pusillanimous, loquacious na temerity yanatisha kijana wa Texas, lakini mutu mwenye alimaliza sekondari hapa kwetu anaona tu pusillanime, loquace na témérité. Mimi nilipoteza siku mingi kwa maneno yenye nilikuwa nayo tayari mufukoni.

Halafu kuko yenye yanatudanganya. Versatile kwa Kifaransa ni mutu wa kugeuka-geuka; kwa Kiingereza ni sifa, mutu mwenye anaweza kazi nyingi. Candid haiko mujinga wa roho safi, ni mwenye anasema wazi. Enervate haitaki kusema kukasirisha, ni kumaliza mutu nguvu. Kwa maneno haya, muFaransa mwenye iko ndani yetu anajibu haraka, na anakosa.

Wengine watasema: basi soma Norman Lewis, Word Power Made Easy. Nilikisoma. Kilitoka 1949 na bado ni kizuri kuliko listi yoyote: kinakusanya maneno kwa wazo, kinaonyesha mizizi ya Kigiriki na ya Kilatini, kinakulazimisha kuandika majibu. Ukishajua kama radix ni muzizi, eradicate hutaisahau: kung'oa na mizizi yote. Lakini Lewis naye anamufikiria musomaji wa Marekani. Anatumia nguvu mingi upande wa Kilatini, penye sisi tuko na nusu ya mavuno tayari. Penye tuko masikini kabisa ni kwa maneno mafupi ya Kiingereza cha zamani: wane, shun, balk, winnow. Kifaransa hakitusaidii kwa ile.

Kilichonisaidia mimi ni shamba. Winnow ni kupepeta. Niliona mama akipepeta maharagwe miaka yote, kisha nikakuta neno hilo katika makala juu ya kuchagua wagombea kazi: unatupa makapi, unabakisha mbegu. Fallow ni shamba lenye linapumuzishwa. Wanasema hivyo pia kwa mwandishi mwenye amekaa miaka bila kuandika. Glean ni kuokota mabaki kisha mavuno, na pia kukusanya habari kidogo-kidogo. Niliacha listi, nikafungua kaye ya sehemu tatu: yenye Kifaransa kinanipa, yenye Kifaransa kinanidanganya, na yenye napaswa kutafuta mwenyewe. Kila neno liliingia na sentensi yake, yenye nilisoma mahali fulani, haiko ya kubuni.

Mara ya pili nilipata 152. Haiko ajabu, na bursi bado naitafuta. Lakini ni alama 8 kwa maneno 400 hivi, wakati yale mengine elfu na zaidi hayakunipa kitu.

Mwenye anataka ile fotokopi, iko kwangu. Toka A mpaka D imechoka. Zingine ziko mupya.